Mafia Hakuna Ajira, Kuna Kazi

Msimu wa papa potwe ukianza, mwezi Oktoba, Kilindoni hapa Mafia hupokea wageni wengi, na kati yao hakosi mtu wa Dar es Salaam atakayesimama mbele ya banda langu, aangalie bahari, kisha aseme: "Fundi, nyie ndio mnaishi. Na mimi nitahamia huku." Namuuliza swali moja tu: utakuja kufanya nini? Wengi hujibu kwamba watapumzika, labda na kufuga kuku kidogo. Hao sijawahi kuwaona tena.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Ufundi niliujifunzia Buguruni, kwenye pikipiki na jenereta, mahali ambapo mtaa mmoja una mafundi kumi na kila mteja anakwambia yule wa pale anafanya kwa nusu ya bei hiyo. Kodi ya fremu ilinila, foleni ikanila, na kilichobaki nikapeleka nyumbani. Nikahamia Mafia na kasha la spana. Sikuja kutafuta utulivu. Nilisikia kwa mabaharia kwamba mashine ikifa huku, inafungwa kamba na kupelekwa bara.

Kwa asiyeijua, Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, iko mbele ya delta ya mto Rufiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 66,180, ukichanganya kisiwa kikubwa na vidogo vyake kama Juani, Chole, Jibondo na Bwejuu. Unafika kwa ndege ndogo kutoka Dar, au unashuka kwa gari hadi Nyamisati na kuvuka kwa kivuko au boti. Kila nati, kila mkanda, kila plagi imevuka maji hayo. Hapo ndipo riziki ya fundi ilipo: kwa mvuvi, kitu kilichotengenezeka hapa hapa ni siku kadhaa za bahari alizookoa.

Na vitu haviachi kuharibika, kwa sababu chumvi hailali. Mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari yenyewe. Pampu yake ndogo ya mpira huyavuta, yanazunguka ndani, kisha yanatoka kwa nyuma kama uzi. Uzi huo ukikatika na nahodha asiuone, basi amechoma mashine. Ndiyo maana nasisitiza kila siku isafishwe kwa maji baridi, yaani maji ya kisima, ikirudi baharini. Chini kuna kipande cha zinki kimefungwa makusudi ili chumvi ikile chenyewe, iache bodi. Kuna wenye boti wanakipaka rangi kipendeze, na kikishapakwa rangi hakifanyi kazi tena. Nimekwangua rangi hiyo mara nyingi kuliko nilivyobadilisha zinki zenyewe.

Hali ya hewa hii haikuanza leo kuonea mashine. Waingereza waliitwaa Mafia Januari 1915 wakiiwinda Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha Rufiji. Walileta ndege visiwani humu, na za mwanzo ziliteswa na joto na unyevu mpaka gundi na mipira yake ikaachia. Nyingine zikaletwa, na Julai mwaka huo ndizo zilizoelekeza mizinga hadi meli ikamalizwa. Vitabu vimewaandika marubani. Mimi huwafikiria mafundi wao, waliokuwa wakigandisha mbao chini ya jua hili.

Nieleze kazi moja ili msomaji aone inavyokwenda. Nahodha wa makamo alinijia asubuhi.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba fundi. Mashine inanguruma, lakini chombo hakiendi."

Mtu wa haraka angefungua kabureta. Lakini mashine inayonguruma vizuri haina shida ya mafuta wala moto. Nguvu inapotelea njiani kabla ya kufika majini. Katikati ya propela kuna bushi ya mpira iliyobanwa kati ya kitovu cha ndani na mapanga ya nje. Nilichukua msumari, nikachora mstari mmoja ukapita vyote viwili, tukasukuma boti majini, akavuta mafuta kidogo kisha tukarudi. Mstari ulikuwa umevunjika: nusu yake huku, nusu kule. Mpira umeachia, kitovu kinazunguka peke yake.

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza bushi au propela nyingine kutoka Dar. Ya pili, ambayo kila nahodha ananiomba, ni kutoboa na kupiga boliti zishike chuma kwa chuma, aingie baharini jioni ile ile. Boliti inashika kweli. Ila mpira ule uliwekwa ili propela ikigonga mwamba, uteleze wenyewe na kuziokoa gia. Ukifunga boliti, mwamba utavunja gia, na gia ni bei ya propela kadhaa. Nikamwambia: nakufungia, lakini utavua kwenye maji makuu, na kwenye miamba ya Jibondo usiingie nayo mpaka bushi ifike. Alikubali. Nusu ya ufundi wa kisiwani ni maafikiano ya namna hiyo.

Kitu kilichonibadilisha maisha zaidi ni kalenda. Bara nilihesabu mwisho wa mwezi wa mshahara. Huku nahesabu mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, vyombo hupandishwa pwani, nyavu zinashonwa na mashine zinaletwa kwangu. Siku hizo silali vizuri, maana kila mmoja anataka yake iwe tayari kabla giza halijarudi. Giza likirudi, mimi ndiye napumzika. Nakwenda na watoto kuchokoa pweza maji ya bamvua yakitoka, au nakaa barazani. Huo ndio utulivu ambao yule mgeni wa Dar anauona. Anapokuja wakati wa giza, anadhani nakaa hivyo mwaka mzima.

Malipo nayo yana utaratibu wake. Samaki wakishauzwa, kwanza hutolewa gharama za mafuta, barafu na chakula. Kinachobaki kinagawanywa mafungu: chombo kina fungu, nyavu zina fungu, mashine ina fungu, kisha mabaharia. Deni langu hukaa kwenye fungu la mashine. Bahari ikitoa, nalipwa siku hiyo hiyo bila kudai. Isipotoa, nasubiri pamoja nao, na mke wangu anapokea kolekole badala ya fedha. Ukitaka kulipwa taslimu kila unapofunga nati, baki mjini. Pesa ya uhakika kidogo hutoka Utende, kwenye hoteli za watalii zenye boti za kuzamia, lakini nyingi hufungwa masika, Aprili na Mei. Na kusi likishika kasi, miezi ya katikati ya mwaka, kuna siku boti haitoki kabisa na spea iliyoko Nyamisati ni kama iko Ulaya.

Msinielewe kwamba kisiwa kilikuwa kinasubiri watu wa bara wakiletee ufundi. Jibondo kuna mafundi wa vyombo wanaoshindilia pamba kwenye viungo vya mbao kwa kalafati, wenye tezo na keekee, na wanaokwenda porini kutafuta mti uliopinda wenyewe ufae kuwa taruma, yaani ubavu wa chombo. Mmoja wao, mzee sana, alinipokea kwa maneno haya: "Mwanangu, chombo tutakiunda sisi. Wewe tuangalizie hicho kinachokunywa petroli." Ilikuwa amri ya heshima, na nimeifuata. Mgeni anayekuja kushindana na wenyeji katika kazi waliyorithi anajichosha. Aje na ile wanayoipeleka bara.

Kwa kijana anayefikiria kweli, nimwambie mambo machache. Ujuzi wa gereji usio na karatasi unapimika: VETA wana utaratibu wa kutathmini na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na cheti hicho ndicho hoteli huuliza. Fundi umeme ahakikishe ana leseni ya EWURA kabla hajagusa nyumba ya mtu. Eneo kubwa la kusini liko ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa 1995, ya kwanza Tanzania, hivyo kujenga na kuvua huko kuna masharti yake; uliza kwanza ofisi ya hifadhi na serikali ya kijiji. Na usinunue shamba kwa kuonyeshwa minazi. Pwani hii mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, na wote wawili wana wajukuu.

Uje na zana zako mwenyewe, zilizopakwa grisi, kwa sababu kuazima spana kisiwani ni kumsimamisha mwenzako kazi. Uje peke yako kwanza, wakati wa masika, upange chumba. Ukiweza kukaa Mei nzima na mvua yake, mlete mama watoto. Shule zipo na hospitali ya wilaya ipo Kilindoni, lakini ugonjwa mzito bado unavushwa bara, na usiku wa upepo hilo si jambo dogo. Mwenye mgonjwa wa kudumu nyumbani nisingemshauri aje, hata awe fundi wa namna gani.

Kwa sasa anayehitajika si fundi wa mashine; sisi tunatosha. Anatakiwa fundi wa majokofu na mashine za barafu. Samaki wa Mafia bei yake iko kwenye barafu, na jokofu likifa hapa bado linafungwa kamba na kuvushwa Nyamisati. Kama wewe ndiye, ukishuka gatini uliza banda la fundi wa mashine. Chumba cha kuanzia tutakutafutia.