Fahamu programu za uigaji zinavyopima mitandao ya fursa kabla haijafika vijijini

Mnara wa simu ndio nguzo kuu ya mawasiliano ya mwananchi. Ndiyo maana Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ilisaini mikataba ya ujenzi wa minara 758 vijijini. Hata hivyo, zipo nyakati na mahali ambapo mawimbi hukosekana, na hapo ndipo wataalamu hufikiria mitandao ya fursa, yaani mitandao isiyotumia waya wala kutegemea mnara.

Katika mtandao wa aina hii, simu huuhifadhi ujumbe, huubeba popote mwenye simu aendapo, kisha huukabidhi kwa simu nyingine zinapokaribiana, hadi umfikie mlengwa. Chukulia kwamba taarifa ya upungufu wa dawa inatumwa kutoka zahanati ya kijijini katika Kata ya Galula, mkoani Songwe. Taarifa hiyo yaweza kubebwa na dereva wa bodaboda, ikahamia kwenye basi, na hatimaye ikafika mahali penye mtandao. Kanuni zinazoamua nani akabidhiwe ujumbe, na nakala ngapi, huitwa itifaki.

Kujaribu itifaki kwa mamia ya simu halisi ni gharama kubwa. Kwa hiyo watafiti hutumia programu za uigaji, ambazo hutengeneza ndani ya kompyuta watu, magari na barabara, kisha huhesabu ni ujumbe kiasi gani umefika, umechukua muda gani na umetumia nakala ngapi.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Kabla ya kuwavisha pundamilia kola za kielektroniki nchini Kenya mwaka 2004, watafiti wa mradi wa ZebraNet wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitumia programu ya uigaji kulinganisha njia mbili: kumpa nakala kila pundamilia aliye karibu, au kumpa yule tu ambaye hukutana mara nyingi na kituo cha kukusanyia taarifa. Njia ya kwanza husambaza haraka lakini hula betri na kujaza hifadhi. Ya pili hubana matumizi lakini huhitaji kumbukumbu ya mienendo.

Programu inayotumiwa sana leo ni ONE, iliyotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, na kuelezwa katika andiko la mwaka 2009. Hupatikana bila malipo na huwa na itifaki kadhaa zilizo tayari kulinganishwa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba jibu la programu hutegemea mienendo iliyoingizwa ndani yake. Mfano unaokuja na ONE hutumia ramani ya jiji la Helsinki, wenye watembea kwa miguu, magari na tramu, kwa muda wa saa 12, na ujumbe hufutwa baada ya dakika 300. Kijijini, ambako gari laweza kusubiriwa hadi siku ya gulio au hadi barabara ikauke baada ya mvua, ujumbe wa saa 5 hufa kabla haujampata wa kuubeba. Itifaki iliyofaulu Helsinki yaweza kushindwa Galula, na atakayeumia ni mgonjwa aliyesubiri dawa.

Hivyo, kabla fedha za umma hazijatumika kwenye teknolojia ya namna hii, ni muhimu uigaji utumie ramani ya eneo husika, ratiba halisi za usafiri, majira ya mvua na hali ya kuchaji simu. Wananchi ndio wenye taarifa hizo. Watafiti wanapofika kijijini kuuliza nani husafiri lini na kwa njia ipi, jibu sahihi la mwananchi ni sehemu ya kipimo chenyewe.