Kitufe na Maana Yake: Kazi ya Kiendeshi katika Kompyuta ya Mapajani

Aghalabu hudhaniwa kuwa kitufe cha mwangaza katika kompyuta ya mapajani hukiamuru kioo moja kwa moja. Dhana hii ina upungufu. Mara nyingi kitufe hutoa ishara tu, na ishara huhitaji mfasiri. Mfasiri huyo ni kiendeshi, yaani programu inayouunganisha mfumo wa uendeshaji na maunzi.

Mfumo wa Linux ni mfano mzuri. Kwa mujibu wa mwongozo wa ACPI, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, maunzi hupeleka taarifa kwa namba: katika heksadesimali, 86 huashiria kuongeza mwangaza na 87 kuupunguza. Kiendeshi huzigeuza kuwa 225 na 224, namba za vitufe zinazoeleweka na programu nyingine. Hata hivyo, baadhi ya watengenezaji hutumia namba zao wenyewe. Ndiyo sababu kompyuta za ThinkPad zina kiendeshi chao mahususi. Namba isipokuwamo katika jedwali la kiendeshi, kitufe kizima huwa bubu.

Hivyo basi, maana haimo katika kitufe bali katika makubaliano. Makubaliano hayo yasipowekwa wazi, anayeumia ni mtumiaji.