Ufadhili wa Masomo Bila Cheti cha Kujitolea

Baadhi ya fomu za ufadhili hudai cheti cha kazi za kujitolea. Mtoto amefaulu, lakini cheti hicho hana. Je, inafaa kumtengenezea?

Haijuzu. Hati ya uongo ni ushahidi wa uongo, na Mtume (s.a.w.) ameuhesabu miongoni mwa madhambi makubwa. Wala hapana dharura, kwani milango mingine ipo.

Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina hufadhili vijana wa kiume wa miaka 17 hadi 25 kwa shahada ya kwanza. Huangalia matokeo ya sekondari, yasiyozidi miaka 5, na barua za tazkiya. Anayekubaliwa hupata masomo, malazi na tiketi. Kwa wavulana na wasichana, Samia Skolashipu ya serikali, iliyoanza 2022, huchagua waliofaulu zaidi sayansi kidato cha sita.

Na kijana anayesomesha wadogo chuoni bila ujira, huko ndiko kujitolea. Fomu ikidai, mwombeni ustadhi wake aandike barua ya kweli.

Wallahu aalam.