Je, Wajua? Askari wa Hitler Yumo Mimbarani

Mjini Berlin, mtaa wa Mariendorf, kuna kanisa ambalo mimbari yake ina mchongo wa Yesu akihubiri. Miongoni mwa wanaomsikiliza yumo askari wa Kijerumani mwenye kofia ya chuma, pamoja na kijana wa jumuiya ya vijana wa Hitler. Kwenye chombo cha ubatizo amechongwa mwanamgambo wa Kinazi, kofia mkononi. Kinanda nacho, kabla ya kufungwa humo mwaka 1935, kilipigwa kwenye mkutano mkuu wa Wanazi kule Nuremberg!

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, swastika (nembo za Kinazi) zilizokuwamo kanisani zilifutwa. Askari yupo hadi leo.

Lakini si Wakristo wote waliowaunga mkono Wanazi. Mwaka 1937 Papa Pius XI aliwashutumu Wanazi kwa waraka ulioandikwa kwa Kijerumani, si Kilatini. Uliingizwa nchini kwa siri, ukachapwa kwa siri, ukasomwa makanisani Jumapili ya Matawi.

Hata hivyo, miaka miwili baadaye, Waprotestanti kadhaa walifungua taasisi mjini Eisenach ili kuuondolea Ukristo kila chenye asili ya Kiyahudi. Yesu mwenyewe, mwana wa Mariamu wa Nazareti, walidai hakuwa Myahudi.

Wakati huohuo, kambi ya mateso ya Wanazi ya Dachau ilifunga mapadri na wachungaji zaidi ya 2,500, wengi wao Wapolandi. Humo, Desemba 1944, mfungwa Karl Leisner alipewa upadri kwa siri na askofu Mfaransa, mfungwa mwenzake.