UFISADI MAANA YAKE NI KUOZA

Mtu akikaa Busia au Malaba, mahali Kenya inapopakana na Uganda, atasikia maneno matatu yakitajwa kana kwamba ni neno moja: ufisadi, hongo na magendo. Yafaa tuyapambanue, kwani asiyejua jina la ugonjwa hawezi kuutafutia dawa.

Neno ufisadi latoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuoza au kuharibika, kama chakula kilichochacha. Zamani watu wa pwani walimwita fisadi yule mwenye kuharibu wake za watu na kuvunja nyumba zao. Siku hizi, hasa katika Kenya, fisadi ni mwenye kula mali ya umma. Hata Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, iliyoundwa mwaka 2011, imelichukua neno hilo katika jina lake. Jana nyumba iliyoharibiwa ilikuwa ya jirani. Leo ni ya taifa zima.

Hongo ina historia ya namna nyingine. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ililipa hongo kwa watawala wa nchi ilizopitia, kama vile Ugogo, kwa nguo, shanga na waya. Ilikuwa ada ya njia, nayo ilitolewa hadharani. Leo ada ya namna hiyo hulipwa forodhani, na mlipaji hupewa stakabadhi. Kile kinachotiwa mfukoni mwa karani kimebaki na jina la zamani, lakini uhalali wake umekwisha.

Magendo ni kuvusha bidhaa kwa siri, kama kahawa ya Uganda ilivyoingizwa Kenya katika miaka ya 1970. Hupita njia za panya. Na mlinzi akiwepo, hongo humfumba macho.

Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi mwaka 2018, ili maofisa wa nchi mbili wafanye ukaguzi mahali pamoja. Vituo vya ukaguzi vikipungua, nafasi za kudai hongo hupungua. Lakini jengo haliwezi kumwongoa mtu. Mkulima mwenye magunia mawili ya mahindi, atoaye shilingi chache apite upesi, hudhani ameokoa siku yake. Kumbe amempandishia bei mwenzake ajaye nyuma, asiye na cha kutoa.

Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote huoza. Basi, ndugu msomaji, ufikapo mpakani lipa kilicho halali, wala usiondoke bila stakabadhi. Nawe karani, usipokee usichoweza kukiandikia stakabadhi.