Mbuzi, paka au nguruwe: nani yumo ndani ya gunia?

Ndugu msikilizaji, tuseme umepata mgeni anayejifunza Kiswahili. Jioni mmekaa barazani, mara jirani anapita akiyumba, nawe unasema, "Huyu bwana leo amevaa miwani." Mgeni wako anakodoa macho, anautazama uso wa yule bwana, na miwani haioni. Kila neno ulilotamka analijua. Kuvaa anakujua, miwani anaijua. Alichokosa ni kile ambacho hakimo katika neno lolote kati ya hayo, yaani kwamba jirani amelewa.

Hiyo ndiyo nahau. Ni maneno mawili matatu yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na ukiufungua mzigo ili utazame kijiti kimoja kimoja, maana inatoroka. Juma hili napenda tuzungumzie nahau za Kiingereza, ila tuzitazame kwa macho ya mwanafunzi ambaye hatumfikirii mara nyingi: Mjerumani. Nimemchagua yeye kwa sababu ana tatizo la ajabu. Watu hudhani kwamba kwa kuwa lugha yake ni ndugu wa Kiingereza, basi kazi yake ni nyepesi. Ukweli ni kwamba mara nyingi undugu huo huo ndio unaomponza.

Undugu wenyewe si wa kubahatisha. Katika karne ya 5, Waangli na Wasaksoni walivuka bahari kutoka sehemu ambazo leo ni kaskazini ya Ujerumani na Denmark, wakahamia Uingereza na lugha zao. Ndiyo maana hata leo nyumba kwa Kiingereza ni "house" na kwa Kijerumani ni "Haus", na mkono huandikwa "hand" kwa wote wawili. Mjerumani anapofungua kitabu chake cha kwanza cha Kiingereza hujiona kama mtu aliyefika kwa shangazi yake. Vyombo anavifahamu, harufu ya jikoni anaifahamu. Basi anaacha kubisha hodi, na hapo ndipo anapojikwaa.

Chukua neno "gift". Kwa Mwingereza ni zawadi. Kwa Mjerumani "Gift" ni sumu! Asili ya maneno hayo ni moja, nayo ni kutoa au kupewa. Kila ndugu akaenda na fungu lake. Au chukua neno la Kijerumani "bekommen", maana yake kupata. Mjerumani aliye mkahawani London hulisikia likifanana na "become" la Kiingereza, ambalo maana yake ni kugeuka kuwa kitu fulani. Akisahau kidogo tu, humwambia mhudumu kwamba yeye atageuka kipande cha nyama.

Hapo tunacheka. Lakini sikiliza hili la tatu. Kijerumani kina neno "eventuell", maana yake labda, pengine. Kiingereza kina "eventually", maana yake hatimaye, mwisho wa yote. Mfanyabiashara wa Kijerumani akimwandikia mwenzake wa Kiingereza kwamba atalipa "eventually", yeye anakusudia kusema, "Pengine nitalipa." Mwenzake anasoma, "Hatimaye nitalipa." Mmoja ametoa shaka, mwingine amepokea ahadi. Kicheko kimekwisha hapo, kwa sababu sasa tunazungumza habari za fedha na uaminifu.

Hayo ni maneno moja moja. Tukiingia katika nahau zenyewe, mambo yanazidi kunoga. Sisi tunaposema mtu kauziwa mbuzi kwenye gunia, tuna maana kwamba amelipia kitu bila kukiona. Mjerumani naye anao msemo huo, ila ndani ya gunia lake yumo paka. Mwingereza naye anao, ila kwake yumo nguruwe, tena gunia lenyewe analiita kwa neno la kizamani, "poke", ambalo kwa maana hiyo halitumiki sana nje ya msemo huo. Gunia ni moja na hasara ni moja. Mnyama tu ndiye aliyebadilika. Mjerumani akisema kwa Kiingereza kwamba alinunua paka ndani ya gunia, Mwingereza atatabasamu, na huenda akaelewa. Kosa la namna hiyo halina madhara.

Hatari hasa iko pale picha zinapofanana lakini maana zikatofautiana. Mjerumani husema, "Hiyo si bia yangu," akiwa na maana kwamba jambo hilo halimhusu. Sasa amekwisha sikia kwamba Waingereza ni watu wa chai, na kweli wanao msemo usemao kwamba jambo fulani si kikombe chao cha chai: "not my cup of tea". Anafurahi. Anaona kwamba Waingereza wameondoa bia wakaweka chai, basi. Siku moja ofisini mkubwa wake wa Kiingereza anamwuliza kuhusu hesabu za idara nyingine. Anajibu kwamba hicho si kikombe chake cha chai. Alitaka kusema, "Hilo si la idara yangu." Mkubwa wake amesikia, "Kazi hiyo siipendi." Hakuna neno lililotamkwa vibaya wala sarufi iliyovunjwa. Lakini mtu mwaminifu ametoka pale akionekana mvivu, wala hajui kwa nini.

Je, kwa nini nahau nyingine zinalingana na nyingine hazilingani? Jibu liko katika maisha ya wenye lugha. Mahali walipochota kisima kimoja, maji yana ladha moja. Martin Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522. William Tyndale wa Uingereza alichapisha lake kwa Kiingereza mwaka 1526, tena huko huko Ujerumani, katika mji wa Worms. Basi picha za Biblia ziliingia katika lugha zote mbili: lulu zinazotupwa mbele ya nguruwe, mbwa mwitu aliyejivika ngozi ya kondoo. Hapa Mjerumani anaweza kutafsiri karibu neno kwa neno na akafika salama. Sisi wenyewe tunasema chui katika ngozi ya kondoo, maana chui ndiye tuliyemjua.

Lakini Uingereza ni kisiwa, na watu wake walikaa sana merikebuni. Kwao mtu anayezoea kazi mpya husemwa kwamba anajifunza kamba, kama baharia mgeni anayefundishwa kamba za tanga. Aidha wana mchezo wao wa kriketi. Mtu aliye katika hali ngumu husemwa kwamba yuko juu ya "sticky wicket", yaani uwanja uliolowa, ambao mpira ukidunda hujui utaelekea wapi. Mjerumani aliyelelewa na kandanda atajuaje? Hapo undugu wa lugha haumsaidii kitu. Yuko sawa na mimi na wewe.

Hata saa inaweza kumtia mashakani. Mwingereza akisema "half ten" amekata maneno. Anakusudia nusu saa baada ya kumi, ambayo kwa hesabu yetu ni saa nne na nusu. Mjerumani akisema "halb zehn", maneno ambayo ukiyafasiri moja moja ni yale yale, anakusudia kwamba saa ya kumi imefika nusu yake, yaani kwetu ni saa tatu na nusu. Wakiahidiana kukutana asubuhi, mmoja atasubiri saa nzima akimlaani mwenzake. Sisi tuliokwisha kumkosesha mgeni basi kwa kumwambia saa mbili, naye asijue kwamba tunahesabu toka macheo, tusimcheke sana.

Tena msidhani kwamba haya ni mambo ya watoto wa shule tu. Katika Ujerumani Mashariki, hadi nchi hizo mbili zilipoungana mwaka 1990, lugha ya kwanza ya kigeni shuleni ilikuwa Kirusi. Watu wengi wa huko wamekutana na Kiingereza ukubwani, kazini, mbele ya wenzao, umri ambao kuchekwa kunauma. Wajerumani wenyewe wanaijua aibu hiyo. Kwa miaka mingi walisimuliana kwamba Rais Heinrich Lübke, wakati Malkia Elizabeth wa Pili alipoizuru Ujerumani Magharibi mwaka 1965, alimwambia, "Equal goes it loose." Alitaka kusema, "Sasa hivi inaanza," na akafasiri Kijerumani chake neno baada ya neno. Baadaye ilielezwa kwamba maneno hayo yalitungwa na waandishi wa habari. Hata hivyo watu waliyasadiki kwa urahisi, kwa kuwa kila mmoja alijiona humo.

Basi mwanafunzi afanye nini? Kwanza, nahau aijifunze nzima, pamoja na mahali iliposemwa na mtu aliyeisema. Asiiandike daftarini ikiwa peke yake kama jina la mji asioujua.

Pili, aiache ikae masikioni kabla ya kuipeleka mdomoni. Kuelewa nahau ya mwenzako ni lazima. Kuitumia si lazima. Akisema kwa maneno ya kawaida, "Hilo si la idara yangu," hakuna atakayemlaumu.

Tatu, na hili ndilo zito, apime uzito wake. Waingereza husema aliyekufa amepiga ndoo teke. Wajerumani nao husema amekabidhi kijiko. Yote mawili ni maneno ya mzaha. Mjerumani aliyeyakuta kitabuni bila maelezo anaweza kuyaandika katika barua ya rambirambi akidhani ameonyesha ufundi. Fikiri wewe uko matangani, mjane amekaa mkekani, halafu mtu aingie aseme, "Poleni, nasikia mzee kakata kamba." Maana yake ni sahihi kabisa, lakini nani atampa mkono?

Ndugu msikilizaji, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi nasi tunabeba Kiswahili chetu mgongoni tunapokwenda kwa Waingereza. Tunasikia harufu, tunasikia njaa, halafu tunamwambia Mwingereza kwamba tunasikia kwa masikio, naye anashangaa harufu ina sauti gani. Mtu akijikwaa tunamwambia "sorry", tukiwa na maana ya pole. Yeye anageuka na kuuliza, "Kwani ni wewe uliyenisukuma?" Neno tumepata, lakini pole yetu imebaki nyumbani, maana kwao "sorry" ya namna hiyo husikika kama ya mkosaji.

Wajerumani walituachia neno shule na neno hela. Leo tumewaazima somo la tatu: katika lugha ya watu, hata kama ni ya shangazi yako, bisha hodi kwanza.

Kwa leo nakomea hapo. Tukutane tena juma lijalo.