Adili na Nduguze katika Darasa la Wazungumzaji wa Kiiraqw: Mfano wa Oldeani, Karatu

Ikisiri
Makala haya yanaeleza namna ya kufundisha riwaya fupi ya Shaaban Robert, Adili na Nduguze (1952), katika madarasa ya juu ya shule ya msingi ambako Kiswahili ni lugha ya pili. Hoja kuu ni kwamba funzo la kimaadili linapotangulizwa, mwanafunzi hupoteza hadithi na lugha kwa pamoja.

1.0 Utangulizi
Oldeani iko wilayani Karatu, chini ya mlima wenye jina hilo, katika ukanda wa mashamba ya kahawa. Watoto wengi huanza shule wakiwa na Kiiraqw, lugha ya Kikushi; baadhi ya jirani zao huzungumza Kidatoga, Kimaasai au Kihadza. Kwa watoto hawa, riwaya ni mojawapo ya mahali pachache wanapokutana na Kiswahili kirefu, chenye mtiririko, nje ya maswali ya mtihani.

2.0 Adhabu kabla ya kosa
Mfalme Rai wa Ughaibu anamtuma Ikibali kwenda Janibu, inayotawaliwa na Adili, kwa ajili ya kodi. Usiku Ikibali anamwona Adili akiwachapa manyani wawili. Baadaye ndipo tunapojua kuwa manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini, na kwamba Huria, jini aliyemwokoa, ndiye aliyeamuru wachapwe.

Mpangilio huu una maana: msomaji huona adhabu kabla ya kujua kosa. Mwalimu anayeanza kwa kusema kwamba hii ni hadithi ya wivu huua swali ambalo mwandishi amelijenga. Inafaa kusoma hadi kwenye viboko, kufunga kitabu, kisha kila mwanafunzi aandike: je, Adili ni katili? Jibu hilo lisomwe tena baada ya siri kufichuka. Mtoto anayeijua fimbo hahitaji kuelezwa uzito wa swali hili, na aruhusiwe kusema kuwa hata kosa kubwa halihalalishi adhabu isiyokoma.

Aidha, katika kisa cha Alfu Lela Ulela kinachofanana na hiki, wanaochapwa ni mbwa. Mtoto wa Oldeani aliyewahi kufukuza nyani shambani atakuwa na la kusema kuhusu badiliko hilo.

3.0 Majina na upatanisho
Majina ya wahusika ni mlango wa msamiati. Kutokana na Adili darasa hufikia uadilifu na maadili. Hasidi huleta husuda. Mwivu huleta wivu. Wanafunzi watafute tofauti kati ya Hasidi na Mwivu katika matendo yao, si katika kamusi pekee.

Kiiraqw kina jinsi tatu za nomino, na wingi huoneshwa mwishoni mwa neno. Kwa hiyo upatanisho wa viambishi awali wa Kiswahili ni mgumu kwa mwanafunzi. Neno manyani lina umbo la ma-, lakini husemwa manyani wawili walilia, si manyani mawili yalilia. Kanuni hiyo ikifundishwa ndani ya kisa, ina sababu ya kukumbukwa: viumbe hao wana uhai, na wana majina ya watu.

4.0 Hitimisho
Funzo lije mwisho, kwa maneno ya wanafunzi wenyewe. Wakitofautiana, mwalimu awatake warejee kwenye matini; huko ndiko kusoma kunakoanzia.